Kufuata Reli kwa Ramani, kutoka Miritini hadi Athi River

Jumatatu: Miritini na Rabai

Stesheni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Mombasa iko Miritini, upande wa bara, na hapo ndipo tulipoanzia asubuhi hii. Tuko watatu. Yuko dada yetu wa ramani, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiwafundisha vijana wa Jomvu kuchora mitaa yao kwenye OpenStreetMap. Yuko dereva, mzaliwa wa Maungu, aliyeizoea barabara ya Nairobi tangu siku ambazo kando yake palikuwa na reli ya zamani peke yake. Wa tatu ni mimi ninayeandika.

Tunaifuata reli mpya, takriban kilomita 480, tukiwa na ramani ya mtandaoni iliyojaa alama tulizoziweka tukiwa tumekaa mezani. Kila alama ni swali. Hapa mbona upande mmoja wa tuta la reli ni kijani na wa pili ni mkavu? Hapa mbona pana mstatili mwekundu ambao mwaka 2014 haukuwepo? Majibu hayapatikani kwenye skrini, ndiyo maana tumetia gari mafuta.

Niseme mapema kwamba hatuipingi reli. Malori yaliyopungua barabarani ni uhai wa watu, na abiria wa kwenda Nairobi anajua alichopata. Ninachokitaka ni kwamba mradi uliopewa ruhusa kwa masharti ufuatiliwe kwa masharti hayo. Sheria ya mazingira ya 1999 inamtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kabla ya kuanza, na ukaguzi uendelee baada ya hapo. Miradi ya namna hii hupewa leseni yenye maagizo mazuri: fukieni mashimo mlikochimba kifusi, msizibe njia za maji, waachieni wanyama pa kuvukia, pandeni miti palipokatwa. Kisha maagizo hayo hulala ndani ya faili la PDF la mamia ya kurasa, na mengi hayasemi ni wapi hasa. Sharti lisilo na mahali halina wa kulikagua. Mkulima wa Sagalla hawezi kusema "hapa hamkutimiza" ikiwa "hapa" haijaandikwa popote.

Kwa hiyo ramani yetu ina matabaka. La kwanza ni reli yenyewe, kutoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. La pili ni picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ya kwanza iliyorushwa 2015 na ya pili 2017. Zikiwa mbili hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku tano, na kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni mraba wenye upande wa mita 10. Mtu mwenye simu na bando anazifungua bure. La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: mwinuko wa ardhi uliopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour mnamo Februari 2000. Reli ilifunguliwa Mei 31, 2017. Maana yake vipimo hivyo vinaionyesha ardhi ilivyokuwa kabla ya tuta, na kompyuta ikiulizwa maji yangeteremkia wapi, huchora vijito vya wakati ule. Tabaka la nne ni la mikono yetu: masharti, moja moja, yamepachikwa mahali pake kadiri maandishi yalivyoturuhusu.

Kabla ya kuiacha Pwani tulipanda Rabai kumsalimu mzee mmoja wa kaya. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na iko karibu na ukanda huu wa barabara, reli na viwanda vinavyozidi kupanda kuelekea Mazeras. Tulimwonyesha msitu ulivyo ukiangaliwa kutoka juu. Akauangalia kwa muda, akafuata ukingo wake kwa kidole.

"Wanangu, mpaka uchoreni," akasema. "Mtu wa kiwanda asije akasema hakujua. Lakini njia ya kuingilia ndani msiichore."

Dada yetu akafuta vijia vyote tulivyokuwa tumeviweka, mzee akiwa anatazama. Toka hapo tukawa na kanuni ya safari nzima: ramani ionyeshe kinachotakiwa kulindwa, isionyeshe namna ya kukifikia.

Jumanne: Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, Maungu

Baada ya Mariakani minazi inakwisha na nchi inakauka. Alama zetu nyingi za leo ni mashimo. Tuta la reli halikutokea hewani. Udongo na mawe yake yalichimbwa pembeni mwa njia, na kutoka angani machimbo hayo yanaonekana vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kwenye picha za Landsat, setilaiti za Marekani, za kabla ya 2014 ni kichaka kitupu. Miaka miwili baadaye ni mistatili myekundu yenye kingo zilizonyooka. Leo mingine imerudi kuwa kijani, mingine bado myekundu, na michache ina rangi nyeusi ya maji.

Mezani tulikuwa tumeiandika yote yenye rangi nyekundu au nyeusi kuwa "haijarekebishwa". Shimo la kwanza tulilolifikia, lililo mbali kidogo na barabara upande wa Samburu, lilikuwa na maji na mbuzi wapatao mia. Mchungaji, kijana wa Kiduruma mwenye redio ndogo shingoni, alituuliza kama tumetumwa kuja kulifukia. Tulipomwambia hapana, akapumua.

"Silanga ya kijiji ilikauka mwezi uliopita," akasema. "Hili likifukiwa, tutaenda wapi na hawa?"

Sasa hapo picha ya setilaiti inafikia mwisho wa ujuzi wake. Inasema kweli kwamba shimo halijafukiwa. Haiwezi kusema kwamba wenyeji wanalitaka libaki, ila kingo zake ni wima mno na ng'ombe akishuka hapandi. Kinachohitajika pale ni upande mmoja uchongwe uwe mteremko, na wigo wa miba uwekwe upande wa watoto. Hiyo ni kazi ya tingatinga kwa siku moja. Tukaongeza safu nyingine kwenye fomu ya simu: "Wakazi wanataka nini?" Tunatumia KoboToolbox kwa sababu inajazwa hata pasipo na mtandao, kisha inatuma yote ukiupata. Na huku mtandao unapatikana juu ya vilima tu.

Mashimo mengine hayana mtetezi. Karibu na Maungu tuliona timbo la mawe lililoachwa na kuta za wima, bila maji, bila mti, na vumbi lake linaelekea moja kwa moja kwenye nyumba. Picha za miaka yote tangu 2016 zinaonyesha rangi ileile. Kwa shimo kama hilo hatukuwa na la kumuuliza mtu. Tulipiga picha nne, kila pembe ya dira moja, tukaandika tarehe.

Tulisimama Mackinnon Road kwenye msikiti wa Seyyid Baghali Shah, kama wasafiri wengi wafanyavyo, kuswali adhuhuri na kuombea njia. Kaburi lake liko kando ya reli ya kwanza, ile iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901. Dereva alituonyesha kitu ambacho nisingekiona: reli ya zamani inakata kona kufuata ardhi, ikiviacha vijito vipite kwenye madaraja madogo ya mawe. Reli mpya haikati kona. Inakwenda moja kwa moja, na ardhi ndiyo inayolazimika kuipisha.

Jumatano: Voi na Sagalla

Siku hii nimeiwekea nafasi kubwa kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kazi yetu ni ya nini.

Milima ya Sagalla inainuka kusini mwa Voi, na chini yake ni mashamba ya mahindi, pojo na kunde kwenye udongo mwekundu. Mvua ikinyesha juu, maji hayashuki yote kwenye mito yenye majina. Mengi hutambaa juu ya ardhi kama shuka, kina cha vidole viwili, yakienea shambani mpaka yanapokunywewa na udongo. Mhandisi anayetafuta mto wa kujengea daraja hatayaona, maana hayana kingo. Yakikutana na tuta, hugeuka na kutembea kandokando yake hadi yakute kalavati, yaani tundu la kupitishia maji chini ya tuta, na pale yanaingia yote kwa pamoja. Upande wa juu yanatuama. Upande wa chini yanatoka kwa nguvu ambayo ardhi haijawahi kuijua, yanachimba korongo. Na mashamba yaliyo katikati ya kalavati moja na jingine hayapati kitu.

Hili linaonekana kwenye skrini ukijua pa kuangalia. Mmea wenye afya hurudisha mwanga mwingi wa infraredi ambao jicho halioni, na Sentinel-2 inaupima. Tulichukua picha za baada ya mvua za vuli, tukapima ukijani pande mbili za tuta, upana wa mita mia mbili huku na mita mia mbili kule. Sehemu nyingi hazikuwa na tofauti. Sehemu chache zilikuwa na tofauti kubwa, na tulipoweka juu yake vijito vilivyochorwa kutokana na vipimo vya mwaka 2000, tofauti hizo ziliangukia palepale ambapo kijito kilikatwa na tuta na hakukuwa na alama ya kalavati.

Mama mmoja mwenye shamba upande wa chini alitupokea kwa maji na viazi vitamu. Sikumwonyesha ramani kwanza. Nilimwomba atuambie maji yalikuwa yakipita wapi zamani, naye akasimama mlangoni akanyosha mkono. "Yalikuwa yanaingilia pale kwa mwembe, yanazunguka boma la ng'ombe, yanalala pale chini. Baba mkwe wangu alikuwa akipanda mpunga kidogo mwaka wa mvua nyingi." Kisha dada akafungua simu. Mstari wa buluu uliotokana na vipimo vya mwaka 2000 ulipita kwenye mwembe, ukazunguka boma, ukaishia pale pale alipokuwa ameonyesha.

Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nani amewaambia?" akauliza.

Tulimweleza. Akamwita mwanawe, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aje aone. Nimeshuhudia vikao vingi ambapo mtu kama mama huyu alisimama kwenye baraza la chifu akasema maji yamepotea, na aliyevaa suti akajibu kwamba ukame uko kila mahali. Kwa ukame mama hana la kusema, kwa sababu kweli uko kila mahali. Lakini ukame haukaushi upande mmoja wa tuta na kuuacha wa pili. Hapo ndipo ramani inapomsaidia, maana maneno yake yanasimama pamoja na kipimo ambacho mhandisi mwenyewe anakiamini.

Alasiri tulitembea kandokando ya uzio mpaka kwenye kalavati mbili. Moja ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa imejaa mchanga zaidi ya nusu, na upande wa chini korongo lilikuwa na kina cha kimo changu. Tuliweka alama, tukapima kwa kamba, tukapiga picha na fimbo yenye mistari ili mwaka ujao mtu mwingine apime palepale. Kipimo kimoja hakimshtaki mtu. Viwili vilivyopishana mwaka vinaweza kuonyesha kama korongo linakua au limetulia.

Jioni tulikaa na vijana wa hapo wanaosaidia kwenye nyua za mizinga ya nyuki, ule mpango wa kuning'iniza mizinga kuzunguka shamba kwa sababu tembo huogopa nyuki. Wao wanajua usiku upi tembo wamepita na wapi. Wanaandika kwenye daftari. Tulikubaliana kwamba daftari libaki kuwa lao, na wao ndio wataamua kipi kiingie kwenye ramani.

Alhamisi: Tsavo

Kutoka Voi hadi Mtito Andei reli inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi zilizoanzishwa 1948 na ambazo kwa pamoja zina ukubwa unaozidi kilomita za mraba 20,000. Tembo hawana habari za mpaka kati ya mashariki na magharibi. Wanafuata mvua, na mvua huku hunyesha kwa viraka. Katika sensa ya wanyamapori ya 2021 Kenya ilihesabu tembo 36,280, na eneo la Tsavo ndilo lenye wengi kuliko eneo lolote. Mwaka uliofuata, katika ukame, serikali ilitangaza vifo vya tembo 205 kati ya Februari na Oktoba. Tembo aliyezuiwa kufika upande wenye maji mwaka kama ule hana mwaka mwingine.

Sasa njiani mwake kuna barabara kuu, reli ya zamani, na tuta jipya lenye uzio. Kwenye tuta waliachiwa njia sita maalumu za kupitia chini, mbali na madaraja ya mito na kalavati kubwa. Machi 2016, reli ikiwa bado inajengwa, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) pamoja na shirika la Save the Elephants waliwavisha tembo kumi mikanda ya setilaiti ili ijulikane watafanyaje. Mkanda hutuma mahali alipo kila baada ya muda, na nukta zikiunganishwa zinakuwa njia. Njia inayofika kwenye uzio ikavuka moja kwa moja inasema pale panapitika. Njia inayofika, ikageuka, ikatembea sambamba na uzio kwa kilomita kadhaa, ikarudi ilikotoka, nayo imesema.

Naona hii ndiyo kazi bora ya ramani iliyofanyika kwenye reli yote, kwa sababu ilianza kabla ya treni ya kwanza na haikuishia kwenye ripoti. Kivuko kinaweza kuwa kirefu na kipana kwenye mchoro wa mhandisi lakini kikawekwa mahali ambapo tembo hapiti. Mkanda unaonyesha hilo bila mabishano.

Tulisimama kwenye maegesho yanayoruhusiwa, tukaangalia kivuko kimoja kwa darubini. Chini yake palikuwa na kinyesi cha tembo, cha zamani na cha juzi. Pembezoni, karibu na barabara, palikuwa na vibanda vipya vya biashara ambavyo kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita havipo, na taa ya umeme juu ya nguzo. Tembo wanaovuka barabara hii huvuka zaidi usiku. Taa na muziki mbele ya kivuko vinaweza kukifunga kama ukuta, na hakuna mwenye reli wala mwenye kibanda aliyevunja uzio wowote. Hii ni athari isiyo kwenye tathmini yoyote, kwa sababu ilizaliwa baada yake. Tuliweka alama: kivuko, umbali wa kibanda, tarehe.

Lakini kwenye ramani ya umma alama hiyo haina tembo. Hatukuweka kinyesi, njia, wala saa. Kanuni ya mzee wa Rabai ilitufaa huku zaidi ya tulivyodhani. Mahali tembo wanapopita usiku ni habari ambayo jangili angeilipia. Inabaki kwa KWS na watafiti. Umma unapewa kivuko, ambacho kila dereva wa lori anakiona, na hali ya kilicho jirani nacho. Nimeona ramani nyingine za kujitolea zikiweka kila kitu wazi kwa nia njema, na ningewaomba wenye nazo wafikirie upya.

Dereva alituonyesha daraja la mto Tsavo jua likielekea magharibi. Hapa ndipo simba wawili walipowaua wajenzi wa reli ya kwanza mwaka 1898. Watoto wote wa Kenya wanakijua kisa hicho. Wachache wanajua vivuko sita.

Ijumaa: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu

Siku ya kilomita nyingi na alama chache. Upande wa kusini milima ya Chyulu ilikuwa ndani ya wingu. Mvua inayonyesha juu yake huzama kwenye miamba ya volkano na kuibukia Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na maji hayo husafiri kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Sisi watu wa Pwani tunaoyanywa tuna haki ya kuulizia msitu wa huku.

Wingu hilo lilitukumbusha shida ya kazi yetu: miezi ya mvua, tunapotaka zaidi kuona maji yametuama wapi, ndiyo miezi ambayo picha za kawaida ni nyeupe tupu. Dawa yake ni Sentinel-1, inayotumia rada na kupenya mawingu. Maji yaliyotulia hayairudishii rada mwangwi, hivyo yanatokea meusi. Kuisoma kunahitaji mazoezi, na dada alitumia saa nzima ya safari akinifundisha kutofautisha dimbwi na lami.

Tulikula Makindu kwenye hekalu la Masingasinga, lililoanzishwa na wafanyakazi wa reli ya kwanza, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Dengu na chapati. Mungu awalipe.

Jumamosi: Emali na Sultan Hamud

Ukambani mto ni mchanga. Miezi mingi ya mwaka hauna maji juu, lakini ukichimba mkono mmoja au miwili unayapata, safi, yamehifadhiwa na mchanga yasikaushwe na jua. Kina mama hutoboa visima ndani ya mto na kuteka kwa kata. Mchanga ukiondolewa, ghala la maji limeondolewa. Na ujenzi wa kila namna, barabara, majumba, madaraja, unataka mchanga. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na nadhani wanastahili sifa.

Hapa picha za mita 10 hazikututosha. Mito mingi ni myembamba, pikseli mbili au tatu tu, na lori linalopakia usiku halionekani kabisa. Tulitegemea picha za karibu za Google Earth, ambazo mtu anaweza kuzirudisha nyuma mwaka hadi mwaka kwa kusogeza kitelezi. Tulitafuta vitu viwili: kingo za mto zinazopanuka na kuporomoka, na njia za magari zinazoingia mtoni mahali pasipo na kivuko. Kati ya alama tulizozifikia, nyingi zilikuwa za zamani na mto ulianza kujijaza upya. Moja ilikuwa ya wiki hii. Matairi yalikuwa bado na unyevu.

Mzee aliyekuwa akinywesha punda hapo hakutaka kuzungumza mbele ya simu. Tuliizima. Ndipo akasema wanaokuja anawajua, na kwamba hataki jina lake wala nyumba yake ionekane karibu na alama yoyote. Tuliisogeza alama ile hadi kwenye daraja la barabara na kuandika "sehemu hii ya mto", bila nukta. Ramani inayomhatarisha aliyetoa habari itakosa habari msimu ujao, na hilo ndilo dogo katika mabaya yake.

Jumapili: Athi River na Kitengela

Tambarare za Athi-Kapiti zilikuwa uwanja wa nyumbu na pundamilia waliotoka na kuingia Mbuga ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117 na iliyoanzishwa 1946. Mbuga ina uzio pande za jiji, na upande wa kusini imeachwa wazi ili wanyama watoke. Watu wakizungumzia reli hapa huzungumzia daraja lake la takriban kilomita 6 linalopita juu ya mbuga kwenda Naivasha, kwa kuwa linaonekana. Ni haki yao, na mapambano ya kisheria juu ya sehemu hiyo yalikuwa makali. Lakini baada ya kutembea Kitengela leo naona daraja si tatizo kubwa kuliko yote. Mnyama hupita kati ya nguzo. Hapiti kwenye waya.

Ardhi imekatwa vipande, na kila kipande kina uzio. Waya hauonekani kwenye picha ya setilaiti ya bure. Unaona nyasi tu, zilezile za huku na huku, na kompyuta inakuambia mambo ni salama. Kilichowafungia nyumbu njia, angani hakipo. Njia pekee ni kutembea na simu mkononi, GPS ikiandika, na kuchora kila uzio mmoja mmoja kwenye OpenStreetMap. Mzee wa Kimaasai aliyetusindikiza anajua kila kiwanja ni cha nani na nani ameacha mlango wazi kwa ajili ya wanyama. Tulichora kutoka saa mbili asubuhi hadi jua lilipotushinda. Mlango wazi tuliupa rangi ya kijani. Ilikuwa michache, lakini miwili ilielekeana na ya tatu haikuwa mbali, na mzee alisema akizungumza na jirani mmoja anaweza kupata wa nne.

Jumatatu: Nairobi

Tulichapisha ramani kwa karatasi kubwa, kwa kuwa ofisini karatasi huzungumza, na nyuma yake tukaweka jedwali: alama, tarehe ya picha, tarehe tuliyofika, sharti linalohusika, wanachotaka wakazi. Ombi letu limejengwa juu ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Tumeomba vitu viwili. Kwanza, orodha ya kalavati zote kati ya Maungu na Mtito Andei, zikiwa na mahali pake na tarehe ya mwisho kusafishwa. Pili, masharti ya leseni yatolewe kama data yenye latitudo na longitudo, yaani yasiwe picha za kurasa. Afisa aliyelipokea alilisoma jedwali lote akiwa amesimama, akauliza kuhusu vile vijito vya mwaka 2000 vilipatikanaje, akaandika jina la data hiyo pembeni mwa karatasi yake. Kisha akagonga muhuri. Kisheria wana siku 21 za kujibu.

Mvua za vuli zinatarajiwa kuanza Oktoba. Vijana wa Sagalla wamechukua alama za kalavati na fimbo ya kupimia, watapima kabla ya mvua na baada yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ameomba alama ya mwembe iwe yake. Mchungaji wa Samburu atapiga simu shimo likifika mwisho wa maji, maana tarehe hiyo hatuna namna nyingine ya kuipata wiki zenye mawingu. Dada anarudi kwa treni usiku huu, naye ameomba kiti cha dirishani upande wa kusini, ahesabu taa zilizo karibu na vivuko.